Bukuru Wawili, Faili Moja

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na vitenge viwili, tukanywa soda, kisha Clarisse, ambaye sasa ndiye anakalia kiti changu, akaniomba niwaandikie mbinu ndogo ndogo za kupanga faili na kutumiana. Kurasa mbili zinatosha, alisema, tutazibandika ukutani. Nilicheka kwa adabu. Miaka yote niliyokuwa nanyi nilibandika karatasi ukutani, na ninyi mkazibandua mkaandika namba za simu nyuma yake.

Kwa hiyo mbinu peke yake siandiki. Nitaandika kazi yenyewe ilivyokuwa, na mbinu mtazikuta humo humo, kama vijiwe kwenye maharage. Mshahara na vyeo mnisamehe. Mshahara ulikuwa mdogo, na cheo kilipita mbele ya mlango wangu mara mbili kikaingia kwa jirani.

Asiyetujua ajue kwanza shirika letu lilikuwa nini. Lilikuwa dogo, ofisi moja Gitega na nyingine Muyinga. Kazi yetu ilikuwa kuandika mashamba ya watu wa milimani: nani kanunua kwa nani, mpaka unapita kwenye mgomba gani, mashahidi ni kina nani. Watu walileta vidole vyao, sisi tulileta wino. Hati moja aliondoka nayo mwenye shamba, ya pili ilibaki kwetu, ili ya kwake ikipotea ya kwetu iwepo. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi. Kama mtu aliwaambia kazi yetu ilikuwa semina, aliwadanganya.

Niliingia ofisi ya Muyinga nikiwa bado sijaolewa. Kwetu ni pale pale mjini, karibu na msikiti. Baba alikuwa fundi cherehani. Lakini Kiswahili changu nilikipata Ngara, ng'ambo ya mpaka, tulikoishi mpaka nikawa msichana mkubwa, na ndiyo maana mlikuwa mnanitania kwamba Mama Zuwena anasema kama redio. Sawa. Redio angalau husikilizwa.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Bahati, mtunza hati, mtu wa Uvira kule Kongo, Mpentekoste, anayefunga shati hadi kifungo cha shingoni. Asubuhi ile hakunipa kiti. Alinipeleka kwenye makabati akasema, "Nitafutie hati ya Ndayizeye." Nikatafuta, nikamletea kumi na moja, nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya zaidi ya alichoombwa.

"Bon," akasema. "Ni yupi?"

"Sijui, Mzee."

"We hujui, mi sijui. Yeye atapanda baiskeli tangu Buhinyuza, atafika hapa na jasho, na we utamupatia shamba ya mwingine. Sasa rudisha zote, kila moja kwa nafasi yake."

Kuzirudisha kulinichukua mpaka adhuhuri. Mchana ndipo akanikalisha chini. Hapa Muyinga, alisema, mtoto habebi jina la baba yake. Kila mmoja ana lake, ndugu watano majina matano. Halafu wapo wale ambao jina huwangoja kabla hawajazaliwa. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, anayewafuata ni Ciza, awe mwanamume au mwanamke. Ukisimama soko la Muyinga ukaita Bukuru, wanaume watageuka na wanawake watageuka, na muuza mbuzi naye atageuka. Kwa hiyo kila hati ilikuwa na vitu vinne juu yake: jina, jina la baba, mlima anakokaa mwenyewe, na siku ilipoandikwa. Vikiwa vitatu, Mzee alikurudishia.

"Hati bila mulima ni mutu bila kwao," alikuwa anasema. Alilisema mara nyingi hadi tukawa tunamwigiza akitoka nje.

Kompyuta zilipokuja, moja Muyinga na mbili Gitega kwa wakubwa, watu walidhani mambo ya Mzee yamekwisha. Yeye alivaa miwani yake, akajifunza kibodi kwa vidole viwili, na baada ya mwezi akawa anatusahihisha wote. Vile vitu vinne akavihamishia kwenye jina la faili. Aliyehifadhi kazi yake kwa lile jina ambalo mashine hujipa yenyewe aliitwa mbele ya wote aeleze: hii hati namba moja, namba moja ya nani?

Nawaambia tabia moja ya ofisi zetu, na msijifanye hamuijui. Sisi hatuanzi na ukurasa mtupu. Tukitaka kuandika hati ya leo tunafungua ya jana, tunafuta jina, tunaweka jipya, tunafuta mlima, tunaweka mwingine, tunahifadhi. Ni rahisi, na makosa ya herufi tunayarithi bila gharama. Lakini ukihifadhi kabla ya kubadilisha jina la faili, ya jana imekufa, na mwenyewe yuko kwake analala akijua ana hati ofisini. Mzee Bahati alitufundisha kinyume: fungua ya jana, ihifadhi kwanza kwa jina jipya, ndipo uguse hata herufi moja. Alisimama nyuma ya kiti changu wiki mbili akinitazama mikono. Mkononi alikuwa na rula, na mimi nilikuwa mtu mzima.

Kila Ijumaa tulituma kazi ya wiki Gitega. Intaneti ya siku zile ilikuwa kama mvua ya kiangazi, kwa hiyo tulitumia flashi, ndani ya bahasha, kwa dereva tuliyemwamini. Flashi yenyewe ilipita kila mkono. Mmoja aliiwekea nyimbo za kwaya, mwingine picha za ubatizo, mwingine akaipeleka kwenye duka la kunakili hati ikarudi na ugonjwa, folda zote zimegeuka vimshale visivyofunguka. Ofisi nzima ilinywa kwa mrija mmoja, kisha ikashangaa kwamba imeambukizwa. Mzee akanunua flashi kwa pesa yake, akaifunga uzi mwekundu, akasema hii ni ya hati tu, atakayeweka wimbo humo atauimba mbele yetu. Mmoja aliimba. Alikuwa na sauti mbaya.

Na tulipochomoa flashi ilikuwa lazima kuiaga mashine kwanza, ile alama ya chini pembeni. Vijana mnachomoa kama mnang'oa muhogo. Siku moja mtalia.

Kitu cha mwisho alichonifundisha ndicho kikubwa kuliko vyote. Kila mwisho wa mwezi alinakili kila kitu kwenye diski ya nje, na kila mara alifungua folda mpya yenye tarehe yake. Hakubandika folda juu ya folda. Nilimwuliza kwa nini anajaza nafasi bure na vitu vilevile. Akaniambia kwamba ukifunika ya zamani kwa mpya, na mpya ina kosa, basi umeshika nakala mbili za kosa. Alikuwa na daftari anamoandika siku aliyonakili, na alisaini kila mstari, ingawa hakuna aliyemwomba.

Tuliishi hivyo miaka, na hakuna hati iliyopotea. Nasema hivi bila kujisifu, maana sifa haikuwa yangu.

Kisha Gitega wakatuletea shefu mpya, mkuu wa ofisi zote mbili. Jina lake siandiki. Mnaomjua mnamjua, na asiyemjua hajapoteza kitu. Alikuwa kijana mwenye suti nzuri na projekta. Alikuja Muyinga, akawasha ile projekta ukutani, akafungua folda yetu, na majina ya faili yakawa marefu mno, yakakatika pembeni ya picha. Wageni wafadhili walikuwa wamekaa. Alikasirika, lakini akatabasamu.

"Haya majina ni kama litania ya watakatifu," akasema. "Tunataka vitu vya kisasa. Jina na ofisi, basi. Ndayizeye-Muyinga. Bukuru-Muyinga. C'est tout."

Mzee Bahati alisimama. "Shefu, Bukuru wako wangapi Muyinga?"

"Mashini itajua."

"Mashini haijuake. Mashini inaulizaka tu."

Wageni walicheka, shefu naye akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Mzee akakaa. Miezi miwili baadaye mkataba wake haukuongezwa. Sababu iliyoandikwa ni kwamba hana diploma. Sababu iliyosemwa korido ni kwamba Mkongomani gani huyu anamfundisha kazi shefu. Siku anaondoka alinipa ile diski, ameifunga kwenye kipande cha kitenge, akanisainisha kwenye daftari lake. "Usipatie mutu," alisema. Nikasema ndiyo Mzee.

Kazi ya kubadilisha majina ya faili nilipewa mimi. Zilikuwa mamia na mamia, na kila jioni shefu alipiga simu kuuliza zimebaki ngapi. Ilikuwa hivi: unahifadhi faili kwa jina fupi na kufuta ile ya jina refu, na kama jina fupi lipo tayari, mashine inasimama na kuuliza kwa Kifaransa. Kuna faili nyingine yenye jina hili. Niweke hii mahali pake? Oui au non, ndiyo au hapana. Siku ya kwanza nilisoma kila swali, nikaongeza namba, nikaandika pembeni. Siku ya pili shefu alisema hizo namba zinachafua orodha, atakuja kuzisafisha baadaye mwenyewe, mimi niende mbele tu. Siku ya tatu sikusoma. Swali lilipotokea kidole kilikuwa tayari kimeshabonyeza oui. Wallahi sikusoma, na sijui ni mara ngapi.

Orodha ilitoka fupi na safi. Ikanakiliwa Gitega, folda juu ya folda, na kule nako mashine ikauliza na mtu akabonyeza oui kwa zote mara moja. Baada ya hapo shefu akaona makabati ya Muyinga yanakula nafasi bure, kwa kuwa kila kitu kimo kwenye kompyuta. Karatasi zikatolewa kwa magunia. Nilinunua karanga sokoni wiki hiyo, nikapewa zimefungwa ndani ya hati yetu, mpaka wa mtu na alama za vidole vya mashahidi watatu. Nilizila hizo karanga. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na hasira na kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Na ile diski? Shefu alikuwa anatoka semina ya Gitega na picha nyingi, akaniuliza kama kuna diski yoyote tupu ofisini. Nilisema iko moja aliyoiacha Mzee. Ina nini? Nakala za zamani. "Za zamani si ziko tayari kwa mashini?" akasema. "Futa." Nikafuta. Sikumwambia kwamba nilisaini. Walisema wahenga asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu vizuri sana, na guu lililovunjika lilikuwa la mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Bukuru wa Buhinyuza, mjane. Mimi nilikuwa nimeshahamishiwa Gitega wakati huo. Alikwenda kwanza ofisi ya Muyinga, wakamwambia kila kitu kiko Gitega, basi akaja Gitega. Alilala kwa watu asiowajua, asubuhi akawa wa kwanza mlangoni, ameshika viatu mkononi ili asichafue sakafu. Nilimkumbuka mara moja. Siku ya kuandika shamba lake nilikuwa nimepanda mlima na Mzee Bahati. Yeye na mume wake walinunua lile shamba kwa jirani, wakiwa wawili, kwa mavuno yao. Lilikuwa chini kuelekea kijito, udongo mweusi, migomba upande mmoja na maharage upande wa pili. Muuzaji aliweka kidole, mashahidi wawili wakaweka vidole. Mume wake alicheka kwa sababu wino haukutoka kwenye kucha.

Sasa mume amekufa. Muuzaji amekufa, na mashahidi wote wawili nao wamekufa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anasema shamba halikununuliwa, kwamba ni la baba yao, na mjane asiye na mtoto wa kiume atoke.

"Na hati yako, mama?" nikamwuliza.

"Karatasi yangu iko kwa sanduku," akasema. "Na sanduku iko kwake. Aliichukua siku ya matanga, akasema anaitunza. Lakini mi sina wasiwasi, Mama Zuwena. Mzee yule wa miwani alituambia, yenu ikipotea, yetu iko."

Kesi yao mahakamani ilikuwa Jumatatu iliyofuata, saa nane mchana. Nikafungua mashine, nikaandika Bukuru-Muyinga, nikapata faili moja. Nikaifungua. Alikuwa Bukuru mwanamume, wa tarafa nyingine kabisa, shamba la mihogo, mpaka barabarani. Nilikaa nikilitazama jina lile. Yeye alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, ananitazama uso badala ya mashine, kwa kuwa mashine hakuijua na uso aliujua.

"Iko?" akauliza.

"Natafuta bado, mama. Kaa."

Nilitafuta kwa jina la mume, kwa jina la mlima, kwa neno kijito. Nilitafuta kwenye takataka za mashine. Nilipiga simu Muyinga wakatafuta kwao, wakampata yule yule mwanamume wa mihogo. Nilitafuta mpaka Ijumaa. Jumamosi nikaenda Mutaho, ambako nilisikia Mzee Bahati amefungua kibanda cha kunakili hati, mashine moja na meza, karibu na mafundi baiskeli. Alikuwa ananakili kitambulisho cha mwanafunzi. Alifurahi kuniona, akaulizia watoto wote kwa majina. Nikamweleza.

"Lakini diski unayo," akasema.

"Niliifuta, Mzee."

Aliendelea na kitambulisho, upande wa mbele, upande wa nyuma, akampa mwanafunzi, akamwambia asikunje. Kisha akasema, "Ulisaini." Akafunika mashine yake kwa kitambaa.

"Ile hati mi naikumbuka," akasema. " Shahidi mumoja alikuwa na kidole gumba kimekatika, tukatumia cha pili, nikaandika pembeni. Tuende Jumatatu, mi na we, tuseme tulichoona. Batu wawili waliokuwa pale. Hakimu atasikia."

Nikamwambia nitakwenda. Nilikuwa na nia, nataka mjue hilo, ingawa sijui linasaidia nini.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwanza kwa shefu kuomba ruhusa. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. Aliniuliza imenibakia miaka mingapi nistaafu. Nikasema mitatu. Akasema ni mizuri, mtu mwenye akili haichezei. Kisha akasema mahakama imeomba jibu la maandishi kutoka shirikani, na mimi ndiye mwandishi.

"Andika tulitafuta kwa hifadhi yetu na hatukuona hati kwa jina hilo."

"Niongeze kwamba tulikuwa nayo, shefu? Niliiandika mimi mwenyewe."

"Umeulizwa hilo?"

"Hapana."

"Donc. Basi, andika."

Nikakaa nikaandika. Nilifungua barua ya jana, nikaihifadhi kwa jina jipya kabla ya kugusa herufi, nikafuta, nikaweka. Sikukosea popote. Chini kushoto, kama desturi ya barua zetu, niliweka herufi za mwanzo za jina la shefu, alama ya mkwaju, kisha za jina langu, mimi mpiga chapa. Akasaini. Dereva akaondoka nayo. Nilirudi mezani nikafanya kazi nyingine hadi saa za kutoka, na nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba kichwa kinaniuma.

Mzee Bahati alikwenda peke yake, kutoka Mutaho mpaka Buhinyuza, na shati lake limefungwa hadi shingoni. Alisimama akasema yote, kidole kilichokatika na kijito na wino. Upande wa shemeji wakauliza huyu Mkongomani ni nani, na kama si yule aliyefukuzwa kazi. Kisha barua yetu ikasomwa. Hakimu aliamua kwa kilichokuwa mezani, shamba likaenda kwa shemeji, na mimi simlaumu. Mezani hapakuwa na kitu kingine. Mzee alipewa ile barua aitazame. Aliniambia baadaye, kwa simu, kwamba alitazama chini kushoto, Bukuru amesimama kando yake. Baada ya hapo hatukupigiana simu tena, na mwaka uliofuata nikasikia amerudi Uvira.

Miaka yangu mitatu niliimaliza. Shefu alipandishwa akahamia kwingine. Niliwaandikia kanuni za majina ya faili, vitu vinne, na nakala tatu mahali patatu, moja nje ya ofisi, na kila nakala na folda yake yenye tarehe. Nilibandika. Mlibandua. Clarisse, mwanangu, kama unataka mbinu, hizo ndizo. Swali la mashine lisome mpaka mwisho, na ukiambiwa usilisome, muulize anayekuambia aandike hilo agizo na asaini. Hatasaini. Hapo utajua la kufanya. Mimi nilijua pia.

Mwezi uliopita nilikwenda Bugendana kumpa pole binamu yangu aliyefiwa. Kutoka barabarani unatembea, na nilikuwa natembea polepole kwa sababu ya magoti. Chini ya njia kulikuwa na vibarua wanapalilia maharage, wanawake wanne kwenye mstari. Mmoja akainua uso akasema, "Amahoro, Mama Zuwena."

Alikuwa Bukuru. Amekonda, lakini ni yeye. Alisema anaishi kwa binti yake aliyeolewa pale, na mashamba ya mkwe hayatoshi, kwa hiyo analima ya watu. Tukaulizana habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, kama inavyotakiwa. Aliniulizia magoti. Nilidhani tumemaliza, nikashika mkoba wangu.

"Kuna kitu niko nataka kukuuliza tangu siku ile," akasema. Hakuwa na hasira. "We ulikuwapo. Uliona mwenzangu anaweka kidole, ulicheka naye. Sababu gani uliandika ile barua?"

Nikauweka mkoba chini.

"Niliambiwa," nikasema.

Alichuma majani akafuta udongo kwenye jembe, taratibu, pande zote mbili.

"Mi pia niliambiwa," akasema. "Niliambiwa nitoke. Nikatoka, maharage yalikuwa na maua."

Kisha akainama akarudi kwenye mstari wake, kwa sababu mwenye shamba alikuwa amesimama juu ya njia anatutazama.